Ukuta ni Shahidi wa Fundi

Wahenga walituachia methali isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Sisi tuliolelewa katika pwani hii ya Kilwa na Lindi tumeisikia methali hiyo tangu utotoni, tukaikariri shuleni, na tukawaasa nayo wadogo zetu. Lakini kuna jambo moja ambalo methali yenyewe imelinyamazia. Haisemi ni nani atakayeziba ufa huo. Mwenye nyumba aghalabu hana mkono wa kazi hiyo, kwa hiyo hana budi kumtafuta fundi. Na katika kumtafuta huko ndiko nyumba nyingi huponea, na nyingine nyingi huangamia. Katika makala haya twataka kueleza jinsi tulivyotafuta fundi mara mbili kwa ajili ya nyumba moja, na yale tuliyojifunza baina ya mara ya kwanza na ya pili.

Nyumba hiyo aliijenga babu yake bibi yetu, nayo iko Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 Kivinje ulikuwa mji mkubwa wa biashara, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilipita hapo, na wanadamu waliotiwa utumwani walipita hapo pia. Majumba ya mawe ambayo mgeni huyatazama leo kwa mshangao yamebeba fahari na majonzi ya wakati ule kwa pamoja. Nyumba yetu si jumba la tajiri. Ina vyumba vinne, ukumbi, na baraza ya mbele ambapo wazee walikuwa wakipumzika jioni. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake ni zaidi ya dhiraa moja. Dari ya ukumbi imebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki kwa salama upana wa mita tatu hivi. Twaweza kusema kwamba msitu wa mikoko ndio uliompimia mwashi chumba, na mwashi akatii.

Mwaka 2019 lipu ya ukuta wa nyuma ilianza kubanduka. Sisi wenyewe tulikuwa tukifanya kazi mbali, na likizo ilikuwa fupi. Tukauliza dukani, palepale tuliponunulia misumari, kama kuna fundi aliye karibu. Tukaonyeshwa kijana mchangamfu, mwenye maneno mazuri na bei nafuu. Alitutolea picha za nyumba mpya alizojenga, nazo zilikuwa nzuri kweli. Hatukumwuliza alifundishwa na nani, wala kama amewahi kushika ukuta wa chokaa. Tukampa zaidi ya nusu ya malipo kabla ya kazi, kisha tukaondoka. Baada ya siku tisa tukaarifiwa kuwa ukuta umekwisha. Tulipourudia tuliukuta umenyooka, ukang'aa kwa saruji, nasi tukampongeza.

Yafaa tueleze kosa lilikuwa wapi, maana si kosa la uvivu. Kijana yule alifanya kwa bidii kazi aliyoijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka katika upepo wa bahari. Chokaa ni laini na ina vinyweleo. Kwa hiyo unyevu huo hutoka polepole kupitia ukutani, na jua likiwaka ukuta hukauka. Saruji ni ngumu na hufunga. Ukuta uliovikwa saruji ni kama mtu aliyevikwa koti la mpira wakati wa kaskazi: jasho halipati pa kutokea. Maji hubaki ndani, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Na lipu ikianguka huanguka pamoja na ngozi ya jiwe. Katika nyumba mpya ya matofali ya saruji, lipu ileile ingekaa miaka mingi. Hatukumwajiri fundi mbaya. Tulimwajiri fundi wa nyumba nyingine.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu. Mvua iliyoandamana nacho iliharibu barabara na madaraja upande wa Somanga, hata wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama njiani. Njia ilipofunguka tulikwenda Kivinje, tukakuta ukuta wa nyuma umevimba kama tumbo, na kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kimelala uani. Jiwe lililokuwa nyuma yake lilimong'onyoka mikononi mwetu.

Tukakutana kama jamaa ili kushauriana. Kaka yetu mkubwa alitaka nyumba ibomolewe, na mahali pake ijengwe ya matofali. Hoja zake hazikuwa za kudharauliwa. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, na hasa tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kilipoanza kazi Mtwara mwaka 2015, saruji na mabati vimekuwa vitu vya kawaida katika pwani hii, na mafundi wake ni wengi. Chokaa iko wapi? Na anayeijua yuko wapi? Hapo shangazi yetu, ambaye ndiye aliyebaki akiishi katika nyumba hiyo, akasema neno ambalo hatujalisahau: "Wanangu, mara ile mlimwuliza fundi. Hamkuuliza ukuta."

Maana yake tulikuja kuielewa alipotuongoza mjini kwa siku tatu. Tulipita mtaa kwa mtaa. Kila tulipoona ukuta wa zamani uliosimama wima, usio na tumbo wala weupe wa chumvi, tulipiga hodi na kuuliza maswali yaleyale. Nani aliutengeneza? Mwaka gani? Umepita masika mangapi? Alipokosea, je, aliitwa akaja? Watu walitukaribisha, wakatueleza, na majina yalipatikana. Lakini karibu kila jina lilifuatwa na neno moja: marehemu. Huyu alikufa zamani. Yule alikufa juzi. Mwingine alihamia kwa wanawe na macho hayaoni tena. Siku ya pili jioni tulitambua kwamba hatukuwa tukitafuta fundi tu. Tulikuwa tukihesabu makaburi ya kazi nzima. Siku ya tatu tukatajiwa mzee mmoja aliyekuwa hai, akiishi upande wa Singino na kulima mikorosho. Kwa miaka mingi hakuna aliyempelekea kazi ya chokaa.

Mzee huyo hakutaja bei. Alisema, "Nyumba kwanza, wanangu, fedha baadaye." Alipofika hakuutazama ule ukuta uliovimba. Alizunguka nyumba, akatazama bati linamwaga maji wapi, akapiga magoti kutazama ardhi inainamia upande gani. Kisha ndipo akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole kutoka chini hadi juu, akisikiliza. Penye uzima palilia kama jiwe, penye ugonjwa palilia kama mtungi mtupu. Akatuambia kwamba lipu ilikuwa ni dalili tu. Maji ya paa yalikuwa yakianguka miguuni mwa ukuta, na sakafu ya saruji tuliyoiweka uani wakati uleule wa 2019 ilikuwa ikiyarudisha ndani. Kama tungetengeneza ukuta bila kuyaelekeza maji kwingine, tungekuwa tunamtibu mgonjwa huku tukimnywesha sumu.

Alitupa masharti matatu. La kwanza, saruji yote ibanduliwe, na ukuta uachwe uchi ukauke wakati wa kipupwe. La pili, chokaa ilowekwe shimoni kwa majuma kadhaa ipate kuiva, nayo itokane na mawe ya nchi kavu, kwa kuwa kuchimba matumbawe ya baharini kumekatazwa, na ni haki kukatazwa, maana ndiyo nyumba ya samaki. Na mchanga utoke mtoni, kwa sababu mchanga wa ufukweni una chumvi. Kipimo chake kilikuwa kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Sharti la tatu lilitushangaza. Tuwalipe vijana wawili wa kumsaidia, na aruhusiwe kuwafundisha hata kama kazi itachelewa. Alisema mikono yake imebakiwa na nyumba moja au mbili tu, na hapendi kuizika pamoja naye. Tukawapata vijana hao. Mmoja alikuwa mjukuu wa jirani. Wa pili alikuwa binti aliyekwisha kujifunza uashi chuoni, ambaye alijua vyema kutumia timazi na pimamaji lakini hakuwahi kuloweka chokaa.

Mapatano yetu tuliyaandika, shangazi na jirani wakawa mashahidi. Twayaeleza hapa kwa sababu huenda yakamfaa mwingine. Vifaa tulinunua wenyewe, kwa orodha ya fundi, ili asishawishike kupunguza. Malipo yaligawanywa kwa hatua: kubandua, kujaza mawe, lipu ya kwanza, lipu ya mwisho. Kila hatua ililipwa ilipokwisha kutazamwa na pande zote mbili. Kazi ya ukuta ililipwa kwa kutwa, wala si kwa kipande, maana chokaa haipendi haraka. Hupakwa nyembamba, hunyunyiziwa maji, husubiriwa siku kadhaa ndipo tabaka jingine lifuate, na anayelipwa kwa kipande hushawishika kuyapaka yote kwa mara moja. Seremala wa milango, kwa upande wake, tulimlipa kwa kipande, kwa kuwa mlango huhesabika; naye kabla ya kumwajiri tuliomba tufungue na kufunga milango aliyoitengeneza miaka mitano nyuma. Sehemu ndogo ya malipo ya mwashi iliachwa hadi masika yapite. Mzee mwenyewe ndiye aliyelipendekeza jambo hilo. Alisema mvua ndiyo mkaguzi wake.

Kaka yetu alilalamika kuhusu gharama na siku. Ni kweli kwamba kazi ilikula miezi mitatu badala ya siku tisa. Lakini tulipojumlisha fedha za mwaka 2019 na hasara iliyofuata, tukaona kwamba ile bei nafuu ilikuwa imetugharimu ukuta.

Kazi ilipokuwa ikiendelea, tulivuka siku moja kwenda Kilwa Kisiwani pamoja na vijana wale wawili. Mzee alitaka waone Msikiti Mkuu. Msikiti huo ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukapanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Naye Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Baadaye sehemu ya upanuzi huo iliporomoka, na katika karne ya 15 waashi wengine wakaijenga upya. Kwa hiyo hata kazi ya sultani ilipata ufa. Tofauti ni kwamba ufa ulipotokea, walikuwapo watu wa kuuziba.

Historia ya karibu yatufundisha jambo lilelile. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka. Mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Katika kazi iliyofanyika baina ya miaka hiyo, wenyeji wa visiwa walishirikishwa na kufundishwa kutengeneza kuta kwa chokaa. Fedha na wataalamu walihitajika, hapana shaka. Lakini mwishowe jiwe hurudishwa mahali pake na mkono wa mtu aliyesimama mbele ya ukuta akiwa na mwiko.

Watu wengi hudhani utamaduni wa taifa ni ngoma, mavazi, na hadithi za wazee. Hivyo ni sehemu yake. Ustadi wa mwashi, wa seremala na wa mwezekaji ni sehemu yake pia, nao una udhaifu wake wa pekee: hauwezi kuhifadhiwa kabatini. Huishi maadamu kuna mtu anayeuagiza na kuulipia. Kila mwenye nyumba anayetafuta fundi kwa haraka na kwa bei tu, kama tulivyofanya sisi, hufukuza ustadi mmoja bila kujua. Kila anayeuliza fundi alifundishwa na nani, na sasa anamfundisha nani, huurefushia ustadi huo maisha kwa kizazi kimoja.

Masika ya mwaka 2025 yalipita. Ukuta wa nyuma ulilowa ukawa wa kijivu, jua likatoka, ukarudia weupe wake. Ufa mmoja mwembamba ulionekana juu ya dirisha. Tulikuwa tukitafakari kumwita mzee, lakini shangazi akatuarifu kwamba binti yule alikuwa amekwisha kupita kuutazama ukuta bila kuitwa, akauona ufa, akarudi kesho yake na mwiko na kopo la chokaa. Mzee alikuja naye, akaketi barazani kwa kikombe cha kahawa. Hakusimama hata mara moja kwenda kumsahihisha.

Siku ile ndipo tulipomlipa fedha zake zilizobaki.