Kwa nini asiache tu?



Wazazi wa vijana watumiao unga huniuliza: "Padre, kwa nini asiache tu?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye kuugusa mwili, si roho peke yake.

Ubongo hujitengenezea kemikali za kutuliza maumivu, ziitwazo endofini, nazo zina vipokezi vyake, mithili ya ufunguo na kufuli. Heroini ikifika ubongoni hugeuka mofini, ikavikalia vipokezi hivyo. Ubongo nao, ukitafuta usawa, hupunguza mwitikio wake. Ndipo kipimo cha jana kisipotosha leo. Na unga ukikosekana, mwili huasi: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kutoweka. Vijana huiita arosto.

Wazazi wengi hawalijui hili: kijana aliyekaa gerezani miezi kadhaa bila unga amepoteza ule ustahimilivu. Akirudia kipimo chake cha zamani, sehemu ya ubongo iongozayo pumzi huweza kuzimika, akafa. Siku ya kutoka, basi, asiachwe peke yake.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Wapo wanung'unikao kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Mimi sikubaliani nao. Dawa hiyo hunywewa mara moja kwa siku, huvikalia vipokezi vile vile polepole kwa takriban saa 24, pasipo kishindo cha sindano. Kijana huamka asubuhi bila arosto, akaweza kwenda kazini.