Kumsubiri Rubani

Kikapu ndicho kilichokuwa ratiba yetu. Baba akirudi na sato, alilala Mwanza. Dagaa ilikuwa Kigoma, korosho Mtwara, na mfuko wa senene ulimaanisha Bukoba, tena Bukoba ya msimu wa mvua. Mapema hatukuambiwa kitu. Mama alikuwa muuguzi wa zamu na hakuwa mtu wa kuuliza. Alifunika sahani ya baba kwa sahani nyingine, akavaa viatu vyake vyeupe, akaenda kazini.

Baba alikuwa miongoni mwa vijana waliosomea urubani Soroti, Uganda, kwenye chuo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichofunguliwa 1971. Akaajiriwa East African Airways kama rubani msaidizi, na mimi nikazaliwa Nairobi. Mwaka 1977 shirika lile likafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, nayo Jumuiya ikafuata. Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huohuo. Baba akaanza upya Dar es Salaam, na sisi tukapanga nyumba Kiwalani, chini kabisa ya njia ya ndege.

Ndege yake ilikuwa Fokker F27, ya pangaboi mbili. Injini zake zilikuwa na mlio mwembamba, mkali, ambao hata mtoto aliyefumba macho asingeuchanganya na wa Boeing 737. Mlio huo ndio uliokuwa habari pekee tuliyopata. Tukiusikia juu ya mabati, mmoja wetu alikwenda kupasha mchuzi moto. Mara nyingine aliyetua hakuwa baba, mchuzi ukapashwa tena.

Alitusimulia kazi yake kama wengine wanavyosimulia hadithi za sungura. Ndani ya ndege kulikuwa na sindano iliyoelekea kituo cha redio kilicho ardhini, na rubani aliifuata hata kama haoni kitu. Radi ikipiga, sindano iliacha kituo ikageukia kwenye radi. Nilimuuliza kama sindano nayo huogopa. "Haiogopi, mwanangu. Inavutwa na radi, ndiyo maana huwezi kuiamini sana."

Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam ilitekwa. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens mpaka Stansted, karibu na London, na watekaji walikuwa wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilikuwa Boeing 737, na baba alikuwa kwenye Fokker huko kusini. Lakini mtaani nani alijua tofauti? Majirani walijaa sebuleni, redio ikawekwa mezani, wanawake wakaanza kumpa mama pole. Mama aliwapikia chai, akawaambia mume wake haendeshi ndege hiyo, akaenda zake zamu ya usiku. Kesho yake baba aliingia na kikapu cha korosho, akashangaa kukuta viti vya watu wengine kwetu.

Akiwa nyumbani, alikuwa nyumbani kweli. Usiku wa zamu za mama yeye ndiye aliyetusuka nywele, mistari imenyooka mno, imebana mno, tukaenda shule macho yamevutwa. Alikagua madaftari. Mikutano ya wazazi alihudhuria akiwa na sare, jambo lililotupa aibu wakati ule na ambalo leo ningelipa pesa kuliona tena. Wanaume wengi wa kizazi chake walikuwa wageni katika nyumba zao bila hata kusafiri.

Miaka ya mwisho ya kazi alirusha Cessna Caravan, akibeba watalii na mizigo yao, halafu akastaafu. Alipoona kwenye televisheni ndege mbili za kwanza aina ya Q400 za Air Tanzania zikiwasili Septemba 2016, alisema kwa kuridhika, "Hata hizi zina pangaboi." Baadaye binti yangu akawa rubani msaidizi kwenye ndege hizohizo.

Hapo ndipo baba yangu alipobadilika. Mjukuu mwingine alimwekea kwenye simu programu inayoonyesha ndege zilizo angani, kila moja na kasi yake na kimo chake. Mtu ambaye familia yake ilimsubiri miaka yote kwa kusikiliza mabati, sasa aliweza kumfuata mjukuu wake kilomita kwa kilomita, na hakupata usingizi. Ndege ikianza kushuka kuelekea Songea ilipotea kwenye ramani. Sababu aliijua kuliko sisi sote, alitueleza mwenyewe: ikiwa chini, hakuna mtambo wa karibu wa kuidaka. Alieleza hivyo huku amesimama, miwani mkononi, chakula kinapoa. Mama aliendelea kula.

"Shikamoo babu," binti yangu alikuwa akimpigia baada ya kutua.

"Marahaba, kapteni. Mbona mlichelewa kushuka?"

Aliulizwa kuhusu upepo, mawingu, uzito wa ndege, nani aliyetua, yeye au mkubwa wake. Mama alikuwa akimwambia baba, bila kuinua macho, kwamba haya yote yeye hakuwahi kumuuliza hata siku moja, na bado alirudi.

Baada ya mazishi ya baba, binti yangu alirudi kazini, na jioni ya kwanza alipotua akampigia bibi yake, kwa kuwa hakujua tena ampigie nani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mimi usinipigie ukitua, mjukuu wangu. Nipigie ukiwa na njaa."

Siku hizi anapita kwetu akitoka kazini. Wiki iliyopita alileta dagaa.