Kitendawili cha Herufi Tatu

Mashine ya jakuzi haina lugha kamili. Ikipatwa na jambo, kioo kidogo kilichopo kwenye kibao cha vitufe humemetesha herufi mbili au tatu, hita huzimika, na maji huanza kupoa. Mpwa wangu ni fundi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa kuwa niliwahi kusomesha Kiingereza skuli, hunipigia simu: "Shikamoo mjomba, leo imeandika FLO."

Ama kwa hakika, Kiingereza cha skuli hakitoshi hapa. FLO ni kipande tu cha neno la mtiririko, na maana yake ni kuwa maji hayapiti sawasawa kwenye hita. Kwa nini hayapiti, mashine haisemi. Pengine chujio limezibwa na mafuta ya kujipaka ya wageni. Pengine kina cha maji kimeshuka, vali imefungwa, au hewa imenaswa ndani ya pampu baada ya maji kubadilishwa. Nasi watu wa kisiwa cha matumbawe tuna sababu nyengine: maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya chokaa, na yakichemshwa huacha ukoga mweupe mabombani. Hiki ni kitendawili hasa. Mtegaji hutoa dalili, na mteguaji hutafuta mwenyewe.

Siku moja ya Februari, kaskazi ikiunguza, kiooni pakatokea ICE, yaani barafu. Mpwa wangu alicheka hadi akakohoa. Mashine hizi zimeundwa zihimili pia baridi kali ya nchi za mbali. Zikihisi maji yanakaribia kuganda, huendesha pampu ili mabomba yasipasuke. Kumbe kitambuzi cha joto ndicho kilichoharibika, waya wake umeliwa na hewa ya chumvi. Mashine ilisema kile ilichohisi, na hisia yake ilikuwa mbovu.

Si kila alama ni ya kuchekwa. OH hutahadharisha kuwa joto limepindukia, na hapo mtu asitie hata mguu. Kifuniko huondolewa na maji huachwa yapoe. Joto la maji ya kuogea humo halipaswi kuzidi nyuzi 40 za Selsiasi.

Msimu mmoja wa wageni wengi, FLO ilikataa kuondoka. Msimamizi akamwamuru mpwa wangu aunganishe nyaya mbili za swichi ya mtiririko, ili mashine idhani maji yanapita, na wageni waoge jioni ile ile. Akakataa, kwani hita ikiwaka bila ya maji kupita huweza kuungua, na binadamu ndiye anayekaa ndani ya maji hayo. Aliitwa mvivu, akanyimwa zamu siku mbili. Aliponiuliza kama alivuka mpaka, nilimjibu, "La, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Baada ya hapo tulikaa barazani na kitabu cha mashine ile, kwani kila mtengenezaji ana alama zake, tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili. FLO: maji hayapiti, safisha chujio, tazama kina. DRY: hita imekosa maji, usiwashe. OH: joto limepindukia, asiingie mtu. Sasa imebandikwa ndani ya mlango wa chumba cha pampu, na hata kijana anayefagia huisoma.

Kwa miaka mingi tumejadili istilahi za chuo kikuu na za Baraza la Wawakilishi, na ni vyema. Lakini mlango ule wa chumba cha pampu nao unastahili Kiswahili fasaha. Mfanyakazi anayeelewa onyo kwa lugha yake huweza kulitetea mbele ya mkubwa wake. Asiyelielewa hubaki kutii tu.