Damu Imepanda, Dawa Inaendelea

Aliyewahi kumnywesha mtoto dawa ya maji ya kuongeza damu anajua anavyokunja uso, anavyogeuza shingo, na jinsi nusu ya dozi inavyoishia kwenye kanga. Mpwa wangu alikuwa hivyo. Viganja vilikuwa vimempauka, analala ovyo, na ukimwacha kidogo unamkuta ukutani analamba udongo. Baada ya wiki chache za dawa aliacha udongo, akaanza kufukuzana na kuku. Bibi yake akasema, "Basi mwanangu, damu imepanda. Mpumzishe." Mama mtu akajibu kwa upole, "Bado, mama. Daktari kasema tuendelee," akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Jibu lile limenikaa moyoni. Wekundu wa damu hurudi mapema. Kinachochelewa ni akiba ya chuma mwilini. Ndiyo maana dawa huendelea miezi miwili mitatu hata baada ya kipimo kuwa kizuri. Kupata nafuu si kupona. Nasi wengi, iwe ni ugonjwa, deni au ndoa iliyoyumba, huishia penye nafuu.

Ipo pia haraka ya kuzidisha. Zamani watoto wengi walipewa chuma mara tatu kwa siku. Siku hizi dozi moja, mara nyingi miligramu 3 za chuma kwa kila kilo ya uzito, huwatosha wengi. Chuma kikiingia, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo huzuia utumbo kupokea kingi zaidi kwa takriban siku nzima. Kinachobaki humsumbua mtoto tumbo na kutoka na choo. Mwili hupokea kwa kipimo chake, si kwa kipimo cha hofu yetu.

Pemba tulifundishwa hilo kwa uchungu. Utafiti wa kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki bila kuchagua ulisitishwa mwaka 2003, kwa kuwa waliopewa walilazwa na kufariki zaidi, kisiwa kikiwa na malaria nyingi. Ila waliokuwa na upungufu kweli, na malaria yao ikatibiwa mapema, walinufaika.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto apimwe kwanza. Dawa mpe na maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa, wala choo cheusi kisikutishe. Na chupa iweke juu asikoweza kufika: akiinywa yote, chuma hichohicho kinaweza kumuua.