Pambo la Chuma na Kazi Yake

Wapo wanaodai kwamba pambo ni ziada: kwamba nyumba ni kuta na paa, shairi ni maudhui, na yaliyosalia ni urembo ambao mtu angeweza kuuondoa asipate hasara. Dai hilo ni kongwe, na wanafunzi wa ushairi wanalijua vyema kutokana na mvutano wa wanamapokeo na wanamabadiliko kuhusu vina na mizani. Hata hivyo, ushahidi wa kulipinga unapatikana mahali ambapo wapenzi wa fasihi hawajazoea kutazama, yaani katika mchezo wa kompyuta ambamo vijana hujenga majumba, na hasa katika kifaa kimoja kidogo cha mchezo huo: mlango wa chuma wa sakafuni.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Uliasisiwa na Markus Persson wa Uswidi, ukaonyeshwa hadharani mwaka wa 2009, na toleo lake kamili likatolewa mwaka wa 2011. Ulimwengu wake, milima kwa mabonde, umeundwa kwa michemraba yenye upana wa mita 1. Mjenzi hukabidhiwa kipimo hicho kama malenga anavyokabidhiwa mizani, na aghalabu hana budi kukifuata. Vipo vifaa vichache tu vinavyomruhusu kukikiuka.

Mlango wa sakafuni ni mmojawapo wa vifaa hivyo. Ule wa mbao ulitangulia mwaka wa 2011. Wa chuma ukafuata mwaka wa 2014, nao hutengenezwa kwa mikuo 4 ya chuma. Kazi uliyoundiwa ni kufunika shimo au njia ya kuteremkia chini. Lakini unene wake ni sehemu 3 tu kati ya 16 za mchemraba mzima, na wembamba huo ndio uliowavutia wajenzi. Malenga hulifupisha neno “aliyekuja” likawa “alokuja” ili mshororo utimie; vivyo hivyo, mjenzi anapouhitaji ubao mwembamba mahali ambapo mchemraba mzima ungejaza chumba, huuchukua mlango huu akaufanya rafu, uso wa meza, kifuniko cha mtaro au tundu la kupitishia hewa kiwandani. Hiyo ni inkisari ya ujenzi.

Inkisari hii, hata hivyo, ina sharti lake. Mlango wa mbao hufunguka mkono unapougusa. Wa chuma haukubali mkono. Husubiri nguvu mfano wa umeme, itokayo katika wenzo, kitufe au vumbi jekundu linalochimbwa ardhini. Ukaidi huo una faida, kwa kuwa mgeni anayetalii jengo hawezi kulivuruga pambo kwa kuligusa tu. Una gharama pia. Mlango wa chuma ukitakiwa kusimama wima ukutani, lazima uwe wazi. Na ili ubaki wazi, nguvu isikatike. Kwa hivyo mjenzi hukificha chanzo cha nguvu nyuma ya ukuta. Atazamaye huona kimia cha chuma kilichotulia, wala hajui kwamba chanzo kile kikiondolewa, vyuma vyote vitaanguka kifudifudi mara moja.

Mwaka wa 2024 iliongezwa milango ya sakafuni ya shaba. Hii hufunguka kwa mkono, lakini ina tabia nyingine: huzeeka. Rangi yake ya hudhurungi hupita hatua 4 hadi ikawa ya kijani cha bahari. Anayetaka kuisimamisha katika hatua fulani huipaka nta ya masega ya nyuki, na anayetaka kuirudisha nyuma huiparua kwa shoka. Wajenzi stadi huchanganya hatua hizo katika ukuta mmoja, ili jengo la jana lionekane limenyeshewa mvua za miaka mingi.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma katika jua kali ya Nairobi, mtu aliyetumia umri wake kupigana na kutu, alilisikia jambo hilo kwa mwanawe na kuliona upuuzi mtupu. Kwa miezi kadhaa alikuwa amemhesabu kijana huyo kuwa amepotea: karakana ilimhitaji, naye alikesha akijenga nyumba zisizolalika. Usiku mmoja alisimama nyuma yake akatazama.

“Hicho ni nini?”

“Ni mlango wa sakafuni, Baba.”

“Mbona uko ukutani? Na bawaba zimeshika nini?”

Kijana alieleza kwamba tangu mwaka wa 2016 mlango huo unaweza kukaa hewani bila kushikizwa na kitu. Mzee alitikisa kichwa, lakini hakuondoka. Aliinama, akaihesabu milango iliyopangwa mbele ya dirisha la jikoni, mitatu kwa miwili.

“Hiyo si milango,” akasema. “Hiyo ni grili. Na kona hii umeiacha wazi. Mwizi ataingia.”

Kijana alicheka, akasema kwamba humo hamna mwizi wa dirishani. Baba hakucheka.

“Ile grili ya maua niliyomtengenezea mama yako, unadhani ni maua tu? Maua yale ndiyo yanayozishika nondo zisipinde.”

Hakumwambia aendelee wala aache. Alimwambia aizibe kona.

Hapana shaka kwamba nyumba za mchezo hazilaliki. Lakini mwaka wa 2012, UN-Habitat, ambayo makao yake makuu yako Nairobi, ilishirikiana na kampuni ya Mojang iliyouunda mchezo huo kuanzisha mradi wa Block by Block, na Kibera ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo wakazi waliutumia kusanifu viwanja vyao vya umma. Aliyechora kiti au uzio katika michemraba aliweza kuonyesha anachokitaka bila kusubiri kujua lugha ya wasanifu majengo.

Tusisahau pia suala la istilahi. “Mlango wa sakafuni” ni jina linalotaja kazi ya awali ya kifaa. Kikipanda ukutani, jina hilo hubaki nyuma. Kijana hakuwa na neno la kile alichokijenga. Baba yake, asiyewahi kuucheza mchezo huo, alikuwa nalo, kwa sababu alikitazama kitu kwa kazi kinayoifanya, si kwa asili yake. Tunapokaa kubuni istilahi za teknolojia tukiwa na kamusi za kigeni mezani, inafaa tukumbuke kwamba baadhi ya maneno tunayoyatafuta hutamkwa kila siku penye nyundo na cheche za moto, na kwamba mafundi wenye maneno hayo hawajawahi kuulizwa.