Mtaro wa Mwaitu

Kutoka kwetu Masii hadi Machakos mjini ni mwendo usiozidi saa moja kwa matatu. Nilipojiunga na Chuo Kikuu cha Machakos mwaka 2018, wenzangu wawili niliokodi nao chumba walitoka Bungoma na Kisii. Wao walisafiri usiku kucha kuja kusoma. Mimi ningeweza kutoka darasani Ijumaa alasiri na jioni nikala kwetu. Muhula wa kwanza nilifanya hivyo kila wiki. Jumapili nilirudi na muthokoi, ndengu, na maembe msimu wake ulipofika. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alinisindikiza hadi stejini na hakuondoka mpaka gari litoke.

Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nikienda mara moja kwa mwezi, kisha siku za likizo tu. Nilimwambia kazi za darasani zimenizidi. Zilikuwa nyingi kweli, lakini hazikuwa sababu. Chuoni nilikuwa nimezoea mijadala ya hadi usiku wa manane, na nyumbani mazungumzo yalikuwa mvua, mbuzi, na mtaro uliobomoka. Nilikaa pale nikiitikia tu. Niliamini kwamba elimu iko mjini, na kwamba kila safari ya Masii ilinirudisha nyuma. Mwaitu hakulalamika. Alianza kumpa dereva mzigo, kisha akanipigia simu nikaungojee stejini. Chakula kilikuja, yeye hakuja, nami sikwenda.

Machi 2020 korona ilipoingia Kenya na vyuo vikafungwa, nilirudi na begi moja nikidhani ni majuma mawili. Masomo yalipohamia kwenye simu, niligundua kwamba mtandao ulishika mahali pamoja tu: juu kabisa ya shamba, chini ya mwembe. Nikawa napanda pale na daftari. Somo la siku moja lilikuwa uhifadhi wa udongo. Mhadhiri alifundisha kwa Kiingereza, na katikati ya Kiingereza hicho akatamka maneno mawili: fanya juu.

Mwaitu alikuwa mtaroni hatua chache chini yangu, akizibua udongo ulioletwa na mvua. Akainua kichwa.

"Huyo amesema nini?"

"Anafundisha kuhusu mitaro, mwaitu."

"Mitaro ya wapi?"

"Ya huku. Kama huu."

Akaweka jembe chini, akapanda, akaketi kwenye tuta kando yangu. Tulisikiliza mpaka mwisho. Sehemu za Kiingereza nilimtafsiria kwa Kikamba, na hapo ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa nikielewa kijuujuu.

Fanya juu ni jina la Kiswahili ambalo vitabu vya dunia nzima vimelichukua jinsi lilivyo. Unachimba mfereji kwa kufuata kontua, na udongo unaurusha upande wa juu, si wa chini, ukawa tuta. Tuta hilo linashikwa na nyasi. Mvua ikinyesha, maji na udongo vinazuiwa nyuma yake, na mwaka baada ya mwaka mteremko unajisawazisha mpaka shamba linakuwa ngazi. Hayo yalikuwa kwenye daftari langu. Ambalo halikuwemo ni kwamba kurusha udongo juu kunavunja mgongo maradufu kuliko kuuacha uporomoke chini. Mwaitu alinionyesha jinsi anavyoweka mguu ili kiuno kisiumie. Migomba na mipapai, akasema, hupandwa ndani ya mfereji, ambako unyevu hukaa hata baada ya mvua kukatika.

Ndipo nikamsomea habari za utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994. Maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliiona Machakos kama nchi inayogeuka jangwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watu wa wilaya ya zamani, iliyojumuisha Makueni ya leo, walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Watafiti walieleza pia kwamba mishahara ya waliokwenda kufanya kazi mjini ilirudi shambani ikawa majembe na miti ya matunda. Mwaitu akacheka kwa furaha. "Baba yako huyo," akasema. Baba alifanya kazi Athi River miaka mingi, na sululu tuliyokuwa nayo aliinunua yeye.

Jioni mwaitu alimsimulia susu, nyanya yangu, na susu akatuambia kwamba tusichanganye mitaro. Iko ya serikali na iko ya mwethya. Ile ya serikali ya kikoloni watu waliichimba kwa amri, na waliichukia. Baba yake susu alikuwa miongoni mwa waliotembea hadi Nairobi mwaka 1938 wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga kunyang'anywa ng'ombe eti mifugo imezidi ardhi. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mpango wa kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu ukasimamishwa. Mwethya ni kitu kingine. Ni jirani kwa jirani, leo kwako kesho kwangu, wanawake wengi kuliko wanaume, na wimbo wa kushikilia mapigo ya majembe. Mtaro wetu ulichimbwa hivyo, kabla sijazaliwa. Mavuno yaliyosimama nyuma ya tuta lile ndiyo yaliyouzwa nikalipiwa karo.

Nimesoma mambo mengi tangu wakati huo, na sijui darasa lililonigusa kama lile la chini ya mwembe. Vyuo vilipofunguliwa nilianza tena kwenda nyumbani Ijumaa. Wakati mwingine yule mwenzangu wa Kisii alifuatana nami. Kwao pia ni milima, na aliulizana na mwaitu maswali ya nyasi na mawe mpaka chai ikapoa. Insha yangu ya mwaka wa nne niliiandika juu ya shamba letu. Mistari ya kontua niliipima kwa uzi na pimamaji, mwaitu akishika ncha moja.

Kabla sijaiwasilisha aliniomba jambo moja: niandike ndani yake majina ya wanawake wa mwethya waliouchimba mtaro. Alinitajia kumi na mmoja, nikayaandika kwenye ukurasa wa shukrani. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Nilipomaliza akaniambia nimsomee. Nilisoma polepole, naye alihesabu kwa vidole akiwa amefumba macho. Nilipofika mwisho akafumbua, akasema yupo mmoja tuliyemsahau, yule aliyekuwa akiwaanzishia wimbo, nikachukua kalamu tena.