Kubadili au Kutengeneza

Nyumbani mwetu mna chombo kidogo cha kukuza sauti ya santuri, tulichorithi kwa baba yetu. Sindano ya santuri hutoa umeme haba mno, yapata milivolti 5 tu. Chombo hiki huukuza, tena huzirudishia sauti nene nguvu zilizopunguzwa santuri ilipokatwa, na nyembamba zilizozidishwa huzishusha.

Mwaka huu kilianza kuvuma. Tukashauriana: tununue kipya, au fundi abadili kapasita zilizochakaa? Ada ya shule ya watoto ilikuwa sandukuni, nasi, twakiri, macho yetu yaliielekea.

Dukani tuliuliza habari za kile kipya. Kilifuata kanuni moja tu ya kusawazisha sauti, iitwayo RIAA, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo makampuni yalifuata kanuni mbalimbali. Santuri za baba ni zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika, na chombo chake kina swichi ya kuzifaa. Kumbe tungalilipa fedha nyingi tupate pungufu!

Tukarudi, tukamwita fundi. Yeye hakufungua kitu. Aliukaza waya wa ardhi utokao kwenye gramafoni, uliokuwa umelegea, na mvumo ukakoma.

Basi, ndugu, mgonjwa hapewi dawa kabla ugonjwa haujajulikana. Ada imekwisha kulipwa, na jioni ile watoto walizisikia santuri za babu yao.